Breka inakata kila hita ikiwashwa? Kagua waya kabla ya kuongeza ampea

Katika vijiji kama vya kata ya Buger, wilayani Karatu, nyumba iliyoingia umeme kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kwa kawaida huanza na taa mbili tatu na soketi ya kuchajia simu. Baadaye linakuja friji, pasi, birika, kisha hita ya kuogea. Karatu kuna baridi, hita si anasa.

Shida ni kwamba kila kifaa kipya kinaongezewa waya kwenye meni swichi ileile. Mwisho breka moja inabeba nyaya tatu, mfuniko haufungi, na hakuna anayejua breka ipi inazima chumba kipi.

Wengi wanadhani kurekebisha ni kuzifunga nyaya vizuri zisionekane. Huo ni mwonekano tu. Meni swichi inaweza kupendeza kwa macho na bado ikachoma nyumba.

Breka inalinda waya

Breka haipo kwa ajili ya kulinda friji au TV. Kazi yake ni kukata umeme kabla waya haujapata moto ndani ya ukuta au juu ya dari. Kwa hiyo ukubwa wake unafuata unene wa waya.

Kwa nyumba za kawaida, mafundi hutumia waya wa 1.5 kwa taa na breka ya ampea 10, waya wa 2.5 kwa soketi na breka ya ampea 20. Hita ya kuogea inapewa njia yake peke yake, waya wa 4 au wa 6 kutegemea umbali, na breka ya ampea 32.

Hesabu yake ni rahisi: gawanya wati za kifaa kwa volti 230. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Ukiichomeka kwenye njia ya soketi yenye breka ya 20, inaweza kukata, na ikikata imefanya kazi yake. Fundi anayekuja, akaitoa na kuweka ya 32 kwenye waya uleule wa 2.5, hajatengeneza kitu. Amezima kengele tu, na waya unaendelea kuungua polepole.

Dalili za kuwahi ni harufu ya plastiki iliyoungua, soketi iliyoweka weusi, taa kufifia pasi inapowashwa, au sauti ya kuchichirika ndani ya kibao. Mara nyingi sababu ni skrubu iliyolegea, si mzigo mkubwa.

Athi peke yake haitoshi

Hapa ndipo wengi wanapoteza maisha. Nyumba inakuwa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na mwenye nyumba anaamini yuko salama. Kiangazi udongo unakauka, na ukinzani wa ile fimbo unapanda.

Tuseme umefika omu 50. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji, umeme utakaopita kwenda ardhini hauzidi ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haitashtuka kabisa. Bodi ya friji inabaki na umeme, ikisubiri mkono wa mtu.

Kinachoziba pengo hilo ni swichi ya kuzuia mvujo, ile yenye kitufe cha herufi T na maandishi ya 30mA. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ya miliampea 30 ikitokea, inakata ndani ya sekunde 0.3. Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu, kinunuliwe hiki kwanza kabla ya kibao kipya kinachong'aa.

Kazi yenyewe

Kuzima meni swichi hakuzimi kila kitu. Nyaya zinazotoka kwenye mita ya LUKU zinabaki na umeme hadi zinapoingia kwenye swichi, na kuna mafundi wenye uzoefu waliosahau hilo. Kubadilisha meni swichi nzima kunahitaji TANESCO wakate umeme kwanza, na lakiri ya mita haiguswi na fundi wa mtaani.

Fundi awe na leseni ya EWURA. Kumwomba aioneshe si kumvunjia heshima. Aanze kwa kufuatilia kila waya unaenda wapi, ndipo ahesabu njia zinazohitajika na kuacha nafasi mbili tupu za baadaye. Kila breka ibebe njia moja, nyutro na athi zikae kwenye vipau vyake, matundu yasiyotumika yazibwe. Panya na mijusi wakiingia, shoti haiko mbali.

Aliyefungiwa kifaa cha UMETA (Umeme Tayari) asikigeuze kuwa meni swichi ya nyumba nzima. Kilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vichache na matumizi madogo.

Kazi ikiisha, kila breka iandikwe jina kwa kalamu isiyofutika: jikoni, sebuleni, hita. Kitufe cha T kibonyezwe mbele ya fundi kabla hajalipwa, kisha kila mwezi. Kisipokata umeme, swichi hiyo ibadilishwe.