Maskauti wa Nakawa na Majira ya Kambi

Uskauti ulizaliwa Uingereza mwaka 1907, Baden-Powell alipopiga kambi na vijana katika kisiwa cha Brownsea. Mwaka 1915 ukafika Uganda. Huko Uingereza, baridi ikiisha ndipo kambi, matembezi na uvuvi huanza. Lakini Nakawa, mashariki ya Kampala, Machi hadi Mei ni miezi ya mvua nyingi: hema hulowa, kuni hazishiki moto. Kwa hiyo kiongozi awapelekaye vijana Kaazi, kambi ya maskauti kando ya Ziwa Viktoria, hana budi kutazama mawingu kabla ya kalenda. Baden-Powell, aliyefariki Kenya mwaka 1941, alifundisha vijana kuyachunguza mazingira yao. Basi kufuata majira ya kwetu si kumwasi, bali ni kumtii.