Kichaa cha Mbwa kwa Farasi na Punda: Chanjo, Tahadhari na Hukumu Zake

Shukrani zote ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Amma ba'd.

Tumeulizwa na ndugu zetu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa: je, farasi au punda anaweza kupata kichaa cha mbwa? Na kumchanja si kupungukiwa na tawakkul? Tunajibu kwa ufupi, kwani jambo hili linagusa uhai wa watu.

Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kinachotoka katika mate ya mnyama mgonjwa. Kila mnyama anayenyonyesha anaweza kukipata. Farasi ni wachache kusini mwa Tanzania, kwa kuwa mbung'o na ugonjwa wa ndorobo viliwazuia tangu zamani. Lakini tunayoyasema juu ya farasi yanamhusu punda pia, na kwa sehemu kubwa ng'ombe na mbuzi. Chanzo kikuu ni mbwa, ingawa utafiti uliofanywa Lindi na Mtwara ulionesha kuwa mbweha nao wana sehemu kubwa katika visa vya huko.

Farasi aliyeumwa huweza kuonekana mzima kwa wiki kadhaa, hata miezi. Kisha huchechemea, hupepesuka, hugaagaa kama mwenye msokoto wa tumbo, hushindwa kumeza, hutokwa na udenda au huwa mkali. Dalili zikishaanza hakuna tiba, na kwa kawaida hufa ndani ya siku chache.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mwenye mnyama akiona udenda hudhani kuna kitu kimemkwama kooni, akaingiza mkono kinywani. Usifanye hivyo. Mtenge mnyama, weka watoto mbali, na mwite afisa mifugo. Asichinjwe kwa ajili ya kuliwa, kwani mwenye kumchuna na kumpasua hujihatarisha.

Chanjo

Farasi mzima huchanjwa mara moja, kisha hurudiwa kila mwaka. Mtoto wa farasi ambaye mama yake hakuchanjwa huanza akiwa na miezi 3 hadi 4. Aliyezaliwa na mama aliyechanjwa husubiri hadi miezi 6, apate ya pili baada ya wiki 4 hadi 6. Chanjo itunzwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa juani isitegemewe.

Lakini kinga iliyo kubwa zaidi ni kuchanja mbwa. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia. Kisiwani Pemba ulikatizwa mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, na uchanjaji wa mbwa ukaukatiza tena mwaka 2018.

Je, chanjo inapingana na tawakkul?

Hapana. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake ndipo ategemee, na akakataza mifugo wagonjwa wasichanganywe na wazima. Shaykh Ibn Baaz (Rahimahu Allaah) alijibu kuwa hakuna ubaya kujikinga kwa chanjo kabla ya maradhi, akitumia hadithi ya tende saba za 'ajwah.

Sharia imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Basi anayemfuga kulinda kahawa au mbuzi zake ana jukumu la kumchanja, asije akawadhuru majirani. Mbwa mwenye kushambulia watu imeruhusiwa kuuawa, bali kuua ovyo mbwa wazima hakuondoi ugonjwa.

Ukiumwa

Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo, hata kama jeraha ni dogo, na umalize dozi zote utakazopangiwa. Anayeishi mbali, kama Liuli au Lituhi, aulize mapema ni kituo gani chenye chanjo, asianze kutafuta akiwa tayari ameumwa. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani.

Na hapa kuna jambo la kutanabahisha. Sisi wafuasi wa madhehebu ya Shaafi'iy tunajua kuwa mahali palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Baadhi ya watu wakisikia hivyo hutia udongo ndani ya jeraha. Hilo ni kosa, kwani udongo katika jeraha bichi huleta madhara mengine, na sharia haikuja kumdhuru mtu. Wanachuoni wa Hanbali wamekubali sabuni isimame mahali pa udongo, na mwenye jeraha ana haki zaidi ya kuchukua wepesi huo. Nguo na vyombo vioshwe kama kawaida baadaye. Kwanza uokolewe uhai.

Tunawaomba maimamu wa Mbinga, Mbamba Bay na vijiji vya ziwani walitaje jambo hili baada ya Swala, hasa inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Tunamuomba Allaah atukinge sisi, watoto wetu na wanyama tuliokabidhiwa. Wa Allaahu a'lam.