Dai Lisilo na Baraza: Matarajio ya Ukoo katika Arua na Koboko

Aghalabu wanaoandika juu ya mashinikizo ya maisha ya kisasa huyaeleza kana kwamba yaliingia nchini pamoja na lami na simu, na kwamba babu zetu waliishi katika raha ya kutodaiwa kitu na mtu. Walakini yeyote aliyesoma habari za Walugbara wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, au aliyeketi na wazee wa Kikakwa huko Koboko wakikumbushana nani alimtolea nani ng'ombe wa kuolea, ataona kwamba dhana hiyo haina msingi. Matarajio ya jamaa ni ya kale. Lililo jipya, na ndilo nikusudialo kulithibitisha hapa, ni kwamba dai limebaki na nguvu zake zote ilhali mahali pa kulijibia pameondoka.

John Middleton, mtaalamu wa elimu ya jamii na mila kutoka Uingereza, aliyekaa na Walugbara kati ya 1949 na 1952 na kuchapisha kitabu chake juu ya dini yao mwaka 1960, aliikuta nchi ambayo vijana wake walikwisha kuizoea safari ya kusini, kwenda kufanya kazi ya miwa katika Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1924, na kadhalika katika kiwanda cha Madhvani huko Kakira, ili wapate fedha ya kodi na, ikibaki, ya mahitaji yao wenyewe. Mzee wa ukoo aliyeiona fedha hiyo ikimpita bila ya kumsalimu alikuwa na silaha yake: aliketi karibu na madhabahu ya wahenga, akahuzunika moyoni, na wahenga wakiisikia huzuni yake humpelekea maradhi yule aliyekosa adabu. Hapo ramli ilipigwa. Mgonjwa akiinuka, mnyama alichinjwa. Na mbele ya jamaa wote wazee wakausimulia ugomvi tangu asili yake, nani alimnyima nani na kwa sababu gani, kisha nyama ikagawanywa na baraka ikatolewa.

Msomaji wa leo asikimbilie kuyacheka mambo haya, wala asiyatamani. Ninalotaka alitazame ni insafu iliyofichika ndani yake. Ramli haikuwa lazima imwunge mkono mlalamikaji, kwani huenda ikamtaja mwingine kabisa. Na mzee aliyekithiri kuwaombea wadogo wake maradhi alianza kunong'onwa kuwa ni mchawi, tuhuma iliyomwondolea taadhima yote aliyokuwa akiigombania. Dai, kwa hivyo, lilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulilindwa na watu walewale waliokuwa wakidai.

Nadhani baraza hili la wazee lisingalikufa upesi lau lingaliachiwa lizeeke kwa utaratibu wake. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin, mtawala wa Uganda mwenye asili ya huku, mwaka 1979, raia wa West Nile, yaani mkoa wa Arua na Koboko, wengi wao wasio na hatia isipokuwa nasaba na mahali walipozaliwa, walilipizwa kisasi cha utawala wake. Mwaka 1980 na 1981 waliingia Zaire na Sudan kwa malaki, na baadhi ya waliobaki wakauawa hata katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, tarehe 24 Juni 1981. Watu waliorejea miaka ya baadaye waliyakuta maboma yamemea nyasi na mifugo imekwisha. Ndoa zilikuwa zimefungwa ugenini kwa ahadi tupu. Ahadi hizo hazikusahauliwa. Zilirithishwa, na mwana leo hudaiwa ng'ombe wa mama yake kabla hajaanza kuhesabu wa mkewe.

Kwa kijana Mwislamu wa Koboko hesabu huwa mbili: mahari ya sharia, ambayo ni haki ya bibi arusi mwenyewe, na mifugo ya mila, ambayo ni ya baba na wajomba zake. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi iliyoletwa na MIFUMI, shirika la kutetea haki za wanawake, ilihukumu tarehe 6 Agosti 2015 kwamba kudai mahari ya mila irudishwe ili ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha katiba, ila mahari hiyo yenyewe ikaachwa isimame. Hukumu njema, lakini haimsaidii anayedaiwa kabla ya ndoa.

Na dai lenyewe sasa hufika kwa simu. Kukiwa na msiba, orodha hufunguliwa katika kikundi cha WhatsApp: nambari, jina, kiasi, kila atoaye huinakili, huongeza lake chini na kuirudisha, hata ikawa ndefu kama mkeka, na aliye Kampala, ambaye pengine kodi ya chumba imempita, huiona ikirudi mara kwa mara bila ya jina lake. Hakuna amwulizaye kwa nini, na akijieleza, maelezo yake husukumwa juu na salamu za pole na kupotea. Yeye anaonekana na wote, wala hasikiwi na mmoja.

Wako wanaomshauri mtu huyu ajifunze kusema hapana na kujitanguliza nafsi yake. Ushauri huo humfaa mwenye mshahara na bima. Kwa mtu ambaye siku ya kuugua kwake atabebwa na walewale anaowakatalia, ni kumwambia akate tawi alilokalia. Afadhali tuwatazame wale vijana wa Arua walioitwa OPEC Boys, wengi wao waliorudi kutoka uhamishoni bila ya shule wala mtaji, wakauza kando ya barabara petroli iliyovushwa kwa magendo kutoka Kongo. Siwasifu kwa magendo. Lakini walijiwekea viongozi wao, wakawa wakisema na wakuu wa mji kwa pamoja, hata wanasiasa wakawa wakiwatafuta. Waliopungukiwa baraza la wazee walijitengenezea lao, na wenye madaraka wakalazimika kuketi nao.

Kikundi cha msiba nacho chaweza kukutana ana kwa ana mara moja kwa mwaka, kikapanga kiwango, kikamsamehe asiye na kazi kwa kauli ya wote, na kikamkanya adaiye kupita kiasi. Pingamizi kubwa ninayoiona haitoki kwa vijana. Mabaraza ya kale yalikuwa ya wanaume, ilhali katika masoko ya Arua na Koboko, tangu siku za uhamisho, ni wanawake waliobeba sehemu kubwa ya biashara ndogondogo na ada za shule. Dada mwenye meza ya nguo huombwa mchango sawa na kaka zake, na ng'ombe wakija kugawanywa hupewa kazi ya kupika. Kikao kitakachoitishwa bila yake kitakuwa kinapanga matumizi ya fedha za mtu asiyekuwapo, naye ana kila sababu ya kutolipa.