Bifu la Malipo, Paa Lililoanguka na Miwani ya Kukariri

Mshairi alipiga shoo, tajiri akazingua kwenye malipo. Stori nzima ya teknolojia ya kukariri inaanzia hapo, kwenye bifu la hela, miaka kama 2,500 iliyopita huko Thessalia, Ugiriki.

Mshairi mwenyewe aliitwa Simonides. Enzi hizo mtu mwenye pesa akitaka jina lake livume alikuwa anaagiza shairi la kusifiwa, kama vile leo mapedeshee wanavyolipa ili watajwe kwenye nyimbo za dansi. Kwa mujibu wa Cicero, aliyeiandika stori hii mwaka 55 KK, mwenye karamu alikasirika kuona mistari mingi imewaendea miungu pacha, Kastori na Poluksi, badala ya yeye aliyetoa oda. Akamwambia Simonides atampa nusu tu, nusu nyingine akawadai hao miungu aliowasifia. Muda mfupi baadaye mshairi akaitwa nje, eti kuna vijana wawili wanamtafuta. Akatoka, hakukuta mtu. Akiwa bado anashangaa pale mlangoni, paa la ukumbi likaporomoka likaua kila aliyebaki ndani.

Miili ilipondeka vibaya kiasi kwamba ndugu walishindwa kujua wa kwao ni yupi. Hapo ndipo Simonides akawa msaada, maana alikumbuka kila mgeni alikuwa amekaa sehemu gani. Huyu alikuwa pale, yule pembeni yake, mwingine kule mwisho. Wafu wakatambuliwa kwa viti vyao, wakazikwa na watu wao. Na watu wa kale wakasema kumbe kichwa kinashika vitu vizuri zaidi vikiwa na mahali pa kukaa.

Stori ina chumvi, hilo halina ubishi. Quintilian, mwalimu wa Roma wa karne ya kwanza, alishalalamika kwamba waandishi hawakubaliani hata karamu ilikuwa ya nani. Lakini mbinu yenyewe ni ya kweli kabisa na inaitwa jumba la kumbukumbu. Mtu anachukua nyumba anayoijua, anaipita kichwani kuanzia mlangoni, kisha kila sehemu anaweka picha ya kitu anachotaka kukikumbuka. Siku ya kuhutubia anaipita tena nyumba ile ile na kuokota picha moja moja.

Kitabu kongwe cha Kilatini kinachoeleza mbinu hii kiliandikwa miaka ya 80 KK, na mwandishi wake hajulikani hadi leo. Kwa karne nyingi watu walidhani ni Cicero, baadaye ikaonekana siye. Kinachojulikana ni kwamba alikuwa mtu wa maelekezo. Sehemu za jumba zisifanane, zisiwe na giza wala mwanga mkali, na kati ya moja na nyingine pawe na nafasi ya kama futi 30. Kila ya tano iwekwe alama, kwa mfano mkono wa dhahabu, ili mtu asipoteze hesabu. Na picha? Zisiwe za kawaida. Zivishwe mataji, zipakwe damu au tope, zichekeshe, zitie aibu. Jamaa aliijua siri ya mitandao ya kijamii kabla hata ya umeme: kinachoshtua ndicho kinachobaki.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi huipita haraka. Mwandishi huyo anasema wapo Wagiriki waliotunga orodha ndefu za picha, ili mwanafunzi apewe zikiwa tayari. Yeye anaona ni kichekesho. Picha inayomshtua mmoja haimshtui mwingine, kwa hiyo kazi ya mwalimu ni kufundisha njia na kutoa mifano michache, mwanafunzi ajitengenezee zake. Hoja hiyo itarudi, tena kwa nguvu.

Mbinu ikasafiri. Mwaka 1596, kwenye mji wa Nanchang nchini China, padri Mwitaliano Matteo Ricci aliandika kitabu kidogo cha jumba la kumbukumbu kwa ajili ya watoto watatu wa gavana. Presha ya familia ile inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupiga msuli usiku wa kuamkia mtihani. Mitihani ya serikali ya China ilikuwa inaamua maisha, na aliyefaulu aliibeba familia nzima. Vijana wakafaulu, ila si kwa mbinu ya padri. Walikariri kwa kurudia na kurudia, kama wenzao wote. Mtoto mkubwa aliripotiwa kusema kwamba kanuni zile ni za kweli, tatizo ni kwamba mtu anahitaji kuwa na kumbukumbu kali sana tayari ndipo aweze kuzitumia.

Kijana huyo hajulikani sana kwenye historia, lakini aligusa penyewe. Kujenga jumba kichwani ni kazi ngumu. Unashika nyumba, unashika picha, unashika mpangilio, vyote kwa mpigo, hata somo lenyewe hujaligusa. Wengi wanakata tamaa siku ya pili.

Sasa ruka miaka 400 hadi kiwanda cha ndege cha Boeing, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mafundi walikuwa wanapanga nyaya za ndege juu ya mbao ndefu zenye vigingi. Kila ndege ina nyaya zake, kila ubao una mchoro wake, na fundi anahamisha macho toka kwenye karatasi kwenda kwenye ubao siku nzima. Wahandisi wawili wakaja na wazo la kifaa cha kuvaa kichwani kitakachomwonyesha fundi mstari wa waya ukiwa umelala pale pale juu ya ubao. Mwaka 1992 wakaandika makala kuhusu hilo, na jina walilolipa wazo lao ndilo linalotumika mpaka leo: uhalisia ulioongezwa. Ulimwengu halisi unabaki ulivyo, kompyuta inaongezea vitu juu yake.

Kichekesho ni kwamba teknolojia hiyo ililenga kumpunguzia mtu mzigo wa kukumbuka. Fundi asikariri chochote, aangalie tu na kufuata. Leo inauzwa kama dawa ya kukariri.

Ilifikaje darasani? Taratibu. Mwaka 1999 ilitoka programu ya bure iliyoiwezesha kamera ya kompyuta kutambua mraba mweusi uliochapishwa kwenye karatasi na kusimamisha umbo la pande tatu juu yake. Mwaka 2001 watafiti wakaonyesha kitabu ambacho ukikitazama kwa kifaa maalumu picha zinainuka kutoka kwenye kurasa. Halafu Julai 2016 ikaja Pokémon Go, na ghafla dunia nzima ikawa inatembea barabarani simu mkononi ikitafuta wadudu wasiokuwepo. Wachezaji walikuwa wanakumbuka kabisa nani alikamatwa kona ipi. Bila kujua, walikuwa wanafanya mambo ya Simonides.

Mwaka huo huo, watafiti wa chuo cha MIT walitoa mfumo walioupa jina NeverMind. Walichukua jumba la kumbukumbu la wazee wa kale na kulipandisha kwenye miwani janja inayoshirikiana na simu. Mwanafunzi anavaa miwani, anatembea njia anayoijua, na kila kituo picha ya kitu cha kukariri inamtokea mbele ya macho, pale pale mahali halisi. Baadaye akitaka kukumbuka, anaipita njia ile kichwani. Majaribio yao ya awali yalionyesha kwamba mambo yaliyokaririwa hivyo yanadumu kichwani kuliko kwa njia za kawaida. Lengo walilitaja wazi: mbinu hii iwafikie hata wasio na mazoezi. Yaani walikuwa wanamjibu mtoto wa gavana, miaka 420 baadaye.

Mbinu yenyewe inafanya kazi, hilo halina shaka tena. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulichukua watu wa kawaida kabisa na kuwafundisha jumba la kumbukumbu nusu saa kwa siku, kwa siku 40. Walianza wakikumbuka maneno kama 26 kati ya 72. Walipomaliza, 62. Miezi minne baadaye bado walikuwa juu ya walipoanzia, na hawakutumia miwani yoyote, ila maelekezo tu na mazoezi.

Upande wa vifaa, matokeo ni mazuri ila hayashtui kihivyo. Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 2018 kiliwaweka watu 40 ndani ya majengo ya kompyuta yaliyotundikwa sura za watu maarufu, akina Marilyn Monroe na Abraham Lincoln. Waliovaa kifaa cha kichwani walikumbuka kwa asilimia 8.8 zaidi ya waliotazama jengo lile lile kwenye skrini ya mezani. Faida ipo. Lakini ukiiweka kando ya hao waliotoka 26 hadi 62 kwa mazoezi matupu, unaanza kujiuliza kazi kubwa inafanywa na nani, miwani au mtu.

Na hapa ndipo yule mwandishi asiyejulikana anaporudi. Programu nyingi za namna hii zinampa mwanafunzi picha zikiwa tayari. Moyo unadunda juu ya meza, sayari zinazunguka sebuleni, inapendeza, anashangaa, anapiga picha anaweka status. Lakini mwaka 1978 wanasaikolojia walionyesha kwa majaribio kwamba mtu anakumbuka zaidi kitu alichokizalisha mwenyewe kuliko alichopewa akisome tu. Ndicho alichokisema yule Mroma akiwacheka Wagiriki na orodha zao. Mfumo unaomwacha mwanafunzi achague njia yake na picha zake ni kitu kimoja. Unaomlisha kila kitu ni wa Boeing, unamsaidia kufuata tu.

Si kwamba kulishwa hakuna maana. Chuo cha Case Western Reserve, Marekani, kinafundisha anatomia kwa miwani ya HoloLens, na corona ilipofunga vyuo mwaka 2020 wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliletewa miwani nyumbani, wakawa wanauzunguka mwili wa binadamu sebuleni kwao. Kwa mambo ambayo jicho lisipoyaona huelewi, kama mshipa gani unapita nyuma ya kipi, hakuna kitabu kinachofikia hapo. Kuelewa na kukariri ni ndugu, ila si mapacha.

Kuna na ishu ya nani mwenye jumba. Google walikuwa na programu ya shule iitwayo Expeditions, iliyoanza na safari za kutazama kwenye vifaa vya makaratasi, na mwaka 2017 ikaongezewa vitu vya kusimamisha darasani kwa simu. Walimu wakaizoea. Juni 2021 ikafungwa. Jumba la Simonides lilianguka mara moja na bado aliweza kulipita kichwani. La kwenye seva likizimwa, aliyelitegemea bila kulikariri anabaki mikono mitupu.

Ukitaka kuona kukariri kunavyomfanya mtu, nenda London. Tangu mwaka 1865 madereva wa teksi wanafanyiwa mtihani wa kujua mitaa kwa kichwa, kama 25,000 hivi ndani ya maili sita kutoka Charing Cross. Simu zenye ramani zipo, kwenye mtihani haziruhusiwi. Wanafunzi wanapanda vipikipiki, ramani imebanwa mbele, wanapita mtaa kwa mtaa kwa miaka mitatu au minne, mvua na baridi. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi 79, wakiwapiga picha za ubongo kabla na baada. Kati yao, 39 walipata leseni, na hao sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linaloshika mahali na njia, ilikuwa imeongezeka. Walikuwa wametumia karibu mara mbili ya saa kwa wiki walizotumia wale walioshindwa. Na walioshindwa, waliozunguka London ile ile na kuona majengo yale yale, picha zao za mwisho zilikuwa sawa na za mwanzo.