Mtawa na Mlinzi Wake

Ikonda, katika milima ya Makete, mkoani Njombe, Wamisionari wa Consolata wana hospitali mashuhuri. Katika jamaa hiyo ya Consolata alikuwamo Leonella Sgorbati, mtawa wa Kitaliani, aliyefika Kenya mwaka 1970. Aliuguza Nyeri, akasomesha wauguzi Nkubu, Meru. Na tangu 2001 akashughulikia kuanzisha skuli ya wauguzi Mogadishu, mji uliovunjwa na vita. Wanafunzi wake walikuwa Waislamu.

Tarehe 17 Septemba 2006, akitoka hospitalini kurudi nyumbani, karibu tu, alipigwa risasi. Akafa akisamehe. Mwaka 2018 kanisa lake lilimtangaza mwenye heri.

Lakini khabari za mlinzi wake, Mohamed Mahmud, hazikuenea hivyo, khasa kwetu sisi ndugu zake. Muislamu huyu alijaribu kumkinga, naye akauawa. Aliacha watoto wanne.