Wazee Watatu wa Yalta

Kuna picha ya wazee watatu wameketi uani Yalta, Februari 1945: Churchill, Roosevelt na Stalin. Shuleni tulifundishwa kuwa hao ndio washindi wa vita. Siku hizi naiona kivingine, kwa sababu wote watatu waliuawa na kitu kimoja: kiharusi.

Roosevelt alitangulia. Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimpima akakuta presha ni 186 kwa 108. Akashauri apunguze sigara, chumvi na kazi. Dawa za presha tunazomeza leo hazikuwapo. Wamarekani wakaambiwa rais wao yuko fiti, na Novemba wakamchagua tena. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma vibaya, akazirai. Presha ilikuwa imepita 300. Alikufa siku hiyohiyo, ana miaka 63.

Stalin aliponzwa na woga aliowatia watu. Daktari wake, Vinogradov, alikuwa ametiwa ndani kwa tuhuma za njama. Tarehe 1 Machi 1953 mzee hakutoka chumbani mchana kutwa, na walinzi wakaogopa kuingia bila kuitwa. Walimkuta usiku, yuko sakafuni, hawezi kusema. Madaktari walifika kesho yake asubuhi. Machi 5 akafa.

Juni mwaka huohuo ikawa zamu ya Churchill, baada ya dhifa ya jioni. Waingereza wakaambiwa waziri mkuu anahitaji mapumziko, basi. Huku kwetu ilikuwa Hali ya Hatari, na hakuna aliyejua kwamba mkubwa wa wakoloni amepooza upande mmoja. Alipata nafuu, lakini kiharusi kingine kilimmaliza Januari 1965.

Hawa hawakukosa madaktari. Walichokosa ni mtu wa kusema ukweli mapema, kwa sauti.

Najua kwa sababu hata sisi tulinyamaza. Disemba iliyopita, tukila, babangu aliangusha kijiko mara mbili, maneno yakaanza kumkwama. Baada ya dakika kumi akawa sawa, akasema ni uchovu tu. Nani amwambie mzee kwamba anaumwa? Tukaendelea kula, kama wale walinzi. Siku ya tatu mkono wa kulia ukagoma kabisa.

Sasa najua zile dakika kumi zilikuwa onyo. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, angalia saa na umkimbize mtu hospitali, hata kama imepita. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa chache za mwanzo tu. Na presha haina kelele: usipopima, hujui.

Mzee yuko hai. Anajifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kila Jumapili tunapimana kwa mashine ndogo ya mkononi. Juzi yake ilikuwa 142. Yangu, na bado sijafika miaka 30, ilikuwa 139. Tulitazamana, akasogeza kopo la chumvi mbali na sahani yangu.