Fataki Zilitoka Wapi? Hii Hapa Rada

Kila Mwaka Mpya unainua simu kurekodi fataki, lakini unajua zilianzia wapi? China, msee. Kitambo, watu huko walikuwa wanatupa mianzi kwa moto: hewa ya ndani inapata joto, mwanzi unapasuka paa! Karne ya 9 Wachina wakachanganya shura, salfa na makaa, baruti ikazaliwa. Rangi kali zilikuja baadaye Ulaya, miaka ya 1830: strontiamu inatoa nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu. Buluu ndio noma, joto likizidi rangi inapotea.

Na kale ka-waya ka cheche unapeanga watoto washike? Kanafika karibu nyuzi 1,000. Maji huchemka kwa 100. Jipange.